Koti Jekundu la Mama Wawili

Madamu wa shamba la pareto alituambia kwamba kwao Ulaya baridi ina miezi yake. Inakuja, watu wanavaa. Inaondoka, watu wanavua na kufungia nguo kabatini. Tulimsikiliza kwa heshima, mimi na mwenzangu, tukiwa tumesimama mlangoni mwa jiko lake na tope mpaka magotini. Kwetu Masisi baridi haijui kwenda wala kurudi. Inalala nasi, inaamka nasi, na asubuhi inatutangulia shambani. Wakati wa mvua inakuja na ukungu, na wakati wa kipwa, majani yakikauka, inakuja na upepo unaopasua midomo. Shemeji yangu mmoja aliyeishi Walikale, chini kule msituni ambako watu hutokwa jasho wakiwa wamekaa tu, alikuja kututembelea na shati moja jepesi. Alikuwa amepanga kukaa juma zima. Alikaa kando ya moto wangu, akameza moshi, akasema watu wanaojenga mawinguni wasimlaumu Mungu, kisha akarudi kwake kabla hata hatujamchinjia kuku. Kuku yule alimshukuru sana.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Mume wangu alifanya kazi kwenye nyumba ya kukaushia maua ya pareto, na mimi nililima viazi, kabichi na vile vitunguu vya majani tunavyoviita puwaro kwenye mteremko ulio juu ya Bihambwe. Nilikuwa na watoto watano, wa mwisho bado mgongoni. Na usidhani mama wa watoto watano hana haja ya kupendeza. Ana haja kuliko msichana, maana msichana anapendeza bila kujaribu. Mimi nilijaribu, na baridi ikanishinda kila Jumapili. Nilivaa vitenge viwili, juu yake jaketi kuukuu la mume wangu, juu ya jaketi bulangeti, na mtoto mahali fulani katikati. Nilifika misani nikiwa kama mzigo uliofungwa na mtu mwenye haraka. Dada wasio na watoto walikaa mbele na magauni yao mepesi, wakitetemeka kwa adabu, na wanaume wakawatazama wao.

Mwenzangu alikuwa jirani yangu wa ng'ambo ya bonde. Kwao walikuwa watu wa ng'ombe, waliokuja upande wetu kutoka Nyamitaba. Sisi tulikuwa watu wa jembe. Namwita mwenzangu kwa sababu ya yaliyotokea baadaye. Wakati ule hatukuwa na sababu ya kuitana hivyo. Ng'ombe wake walikuwa wameingia kwenye maharagwe yangu, nami nikasema maneno. Yeye akajibu kwamba maharagwe yenyewe yalikuwa yamepandwa katikati ya njia ya ng'ombe, na hapo nikasema maneno mengine. Yeye alimpelekea madamu maziwa, mimi nilimpelekea mboga, tukakutana mlangoni mwa jiko lile na kusalimiana kama Wakristo wanavyotakiwa, kwa maneno mazuri na macho makavu.

Siku hiyo ya mazungumzo ya baridi, madamu aliingia ndani akatoka na koti. Lilikuwa jekundu, la sufu nzito, lenye vifungo vyeusi vikubwa kama viazi vidogo na kofia iliyoshonwa nyuma kwenye shingo. Alisema tangu azae halimtoshi tena, na pia kwao rangi ile haivaliwi siku hizi. Kwa hiyo mtindo ulikuwa umepita Ulaya, na sasa ulikuwa njiani kuja kwetu. Akatutazama, mimi na kikapu changu, jirani yangu na kibuyu chake, akanyoosha mikono kati yetu wawili kabisa, akasema, "Ni lenu." Kisha akafunga mlango, maana baridi ilikuwa inaingia.

Tulibaki pale nje tumelishika, kila mmoja mkono mmoja wa koti, bila kutaka kuonekana tunalivuta.

Ningekuwa na mtu mwingine, tungegombana mpaka likapasuka. Lakini huku kwetu kuna kitu kinaitwa ng'ombe wa watu wawili. Asiyeweza kupata ng'ombe mzima huchanga na mwenzake, na ng'ombe huyo analala kwa huyu, kisha kwa yule. Anakamuliwa na huyu, kisha na yule. Ndama wa kwanza ni wa mmoja, wa pili ni wa mwingine. Watu wanaweza kuchukiana wapendavyo, ng'ombe wao haingii katika chuki hiyo. Na anayemnyima mwenzake ndama wake, milima yote itasikia, na hakuna atakayempa hata kaa la kuwashia moto. Tuliposhuka kutoka kwa madamu, jirani yangu ndiye aliyesema kwanza kwamba koti hili tulifanye ng'ombe. Nilikasirika kwamba si mimi niliyelifikiria, nikakubali.

Basi tukaligawa Jumapili. Misheni ilikuwa na misa mbili, ya alfajiri na ya pili jua likishatoka, kama lilitoka. Mimi nilichukua ya alfajiri ili nirudi mapema kupika, yeye akachukua ya pili baada ya kukamua. Misa ya kwanza ikiisha, niliteremka mbio hadi kwenye mikaratusi karibu na kijito, ambako yeye alikuwa ananisubiri amejikunja ndani ya bulangeti. Nilivua, akavaa. Hatukuongea mengi. Yeye alisema mimi nimependelewa, maana watu wananiona wa kwanza. Mimi nilisema yeye ndiye aliyependelewa, maana analipokea koti likiwa limeshapata joto langu, wakati mimi nalitoa kwenye msumari likiwa kama ngozi ya chura. Wote wawili tulikuwa na haki, na hakuna aliyetaka kubadilishana.

Ilibaki shida ya watoto, maana yeye pia alikuwa na mtoto mchanga. Koti la madamu halikushonwa kwa mtu anayebeba mtoto mgongoni. Ukilivaa juu ya mtoto, unapata nundu na vifungo havifungi. Ukimwacha mtoto nje ya koti, wewe unapendeza na yeye anakohoa. Tulitafakari jambo hilo kwa uzito kuliko mahubiri, na mwishowe tukamfunga mtoto mbele, kifuani, na kufunga vifungo juu yake hadi kidevuni. Mtoto akapata joto na kulala misa nzima, na mama akaonekana maridadi, ila mwenye mimba kubwa. Katekista alimpongeza mume wangu. Mume wa mwenzangu naye alipongezwa, akarudi nyumbani kumuuliza mkewe maswali.

Katika kanisa lile mama hufunika kichwa, kwa hiyo kofia ya koti ilikaa juu tangu mlangoni hadi mlangoni. Watu wa milima walijua hesabu yetu yote. Wengine walisimama kwenye mikaratusi kutazama tunavyovuana. Asiyejua alikuwa masere mmoja, mtawa wa kizungu aliyefika karibuni, mwenye miwani iliyojaa ukungu, aliyeangalia shule ya wasichana ya misheni. Yeye aliona mama mmoja mjamzito, mwenye koti jekundu, aliyepanda kilima katika mvua kusali misa ya kwanza na kubaki kusali ya pili, Jumapili baada ya Jumapili, na mimba isiyozaliwa. Hakuuliza, na huku kwetu mzungu haambiwi asichouliza.

Shule ile ndiyo iliyokuwa inaninyima usingizi. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa msichana, mwenye akili inayouma. Alikuwa anasimama nje ya dirisha la katekismo akiimba herufi pamoja na wavulana mpaka akafukuzwa. Wasichana waliosoma walilala palepale misheni, na vitanda vilikuwa vichache. Nilikuwa nimeomba, nikaambiwa nisubiri. Nikapeleka kabichi, zikapokelewa, nikaambiwa nisubiri. Jirani yangu naye alikuwa na binti wa umri uleule, walizaliwa msimu mmoja wa maharagwe, naye alikuwa amepeleka maziwa na kupata jibu lilelile. Hatukuambiana hilo. Kila mmoja aliomba Mungu kivyake, ndani ya koti moja.

Karibu na Noeli msichana mmoja wa shule alitolewa na baba yake ili aolewe, kitanda kikabaki wazi. Masere akasimama mwisho wa misa ya pili akasema kwamba kitanda hicho kitapewa binti wa mama mwenye koti jekundu, ambaye imani yake imemfundisha hata masere mwenyewe. Binti aje baada ya sikukuu. Na aje na nguo nzito, maana chumba cha kulala kina sakafu ya simenti na hakina moto.

Aliyekuwa ndani ya koti saa hiyo ni jirani yangu.

Habari ilinifikia kabla yake, kwa mdomo wa mwanamke aliyekimbia bonde zima ili awe wa kwanza kuniona nikiisikia. Nilikuwa nachagua viazi vya mbegu. Viazi vizuri vikaanza kuingia kwenye vibovu. Moyoni nilishapanga vita vyote: kwamba koti lilikuwa limelala kwangu usiku ule, kwamba bitana niliishona mimi, kwamba imani ya misa ya alfajiri ni nzito kuliko ile ya watu walioshiba usingizi. Nilijua pia kwamba hayo yote hayatanisaidia. Kanisa zima lilimwona yeye. Angempeleka tu binti yake, na mimi ningebaki na maneno.

Alifika jioni ileile, mvua ikinyesha, na koti amelibeba mkononi badala ya kulivaa. Akakaa bila kukaribishwa.

"Masere anatafuta mama mwenye koti," akasema. "Lakini mama mwenye koti njo miye na weye. Nikituma mutoto wangu bila kukuambia, nitakuwa nimekula ndama yako."

Nikamuuliza kama masere amesema kuna kitanda kingine.

"Kitanda iko moja. Hata koti iko moja, na tunaivaa wawili."

Akaniambia alivyofikiri njiani. Kitanda ni uzao wa ng'ombe wetu. Ndama wa kwanza awe wake, kwa kuwa ng'ombe alizaa akiwa mikononi mwake. Binti yake aingie na koti baada ya Noeli. Pasaka atoke, na wangu aingie ndani ya koti lilelile, kwenye kitanda kilekile. Kisha hivyo hivyo, kwa zamu. Masere anajua koti, hajui sura.

Nilikubali, maana hakukuwa na kingine cha kukubali. Lakini niliogopa. Ndama ukimtoa nje ya zizi unaweza kumrudisha. Mtoto aliyeonja shule, nani atamtoa? Mume wangu aliposikia alisema nimetoa ng'ombe nikabaki na kamba. Nikamwambia kamba nayo ina kazi yake, na kama anataka nimwonyeshe, asogee. Hakusogea, ila usiku nililala macho nikijua huenda amesema kweli.

Basi Januari binti wa jirani akaingia misheni na koti letu, nami nikarudia jaketi, bulangeti na vitenge vyangu. Mwenzangu naye akarudia bulangeti lake lililonuka maziwa. Tulionana kwenye mikaratusi, mmoja akishuka na mwingine akipanda, wote wawili tumekunjamana kwa baridi kama kuku walionyeshewa. Masere alimuuliza katekista kwa nini mama mwenye koti haonekani tena kwenye misa mbili. Katekista, mtu mwenye busara, akajibu kwamba amezaa.

Baada ya misa wasichana wa shule waliruhusiwa kuona watu wa kwao kwa muda mfupi. Nyuma ya kanisa, kwenye tope, binti wa jirani alichora herufi kwa kijiti na wangu akazifuata kwa kidole. Nilikuwa nawatazama kwa mbali nikimhesabia yule mtoto kila herufi aliyoitoa, kuona kama anaficha nyingine. Kweli, hakuficha. Lakini mikono yake sasa ilikuwa safi, na alisimama wima ndani ya sufu ile nyekundu kama mtu ambaye hatavua.

Pasaka ikafika, shule ikafungwa, na mwenzangu hakuja. Siku zikapita. Watu wakaanza kunisalimia kwa huruma, jambo nisilolipenda hata nikiwa na msiba. Binti yangu alifua gauni lake moja, akalianika juu ya moshi wa jiko. Kesho yake akalifua tena, na kesho yake tena, mpaka nikamwambia litaisha kabla halijavaliwa.

Siku moja nilipanda ukingoni kukata kuni, na kutoka ng'ambo ya bonde nikasikia mtoto analia. Huku kwetu sauti huvuka bonde haraka kuliko miguu. Ilikuwa sauti ya binti wa jirani, naye alikuwa anasema hatoki, kitanda ni chake, masere amempa yeye. Sauti ya mama yake sikuisikia. Nilisimama na panga mkononi. Nilimhurumia yule mtoto kwa dhati, na kwa dhati hiyohiyo nilitaka alie mpaka ashindwe.

Mwenzangu alikuja siku moja kabla ya shule kufunguliwa. Koti alikuwa amelifunga ndani ya mkeka lisinyeshewe, na yeye mwenyewe alikuwa analowa. Lilikuwa limefuliwa na kukaushwa, na kifungo kimoja kilichopotea alikuwa amekibadilisha kwa kingine cha mti, alichokipaka masizi kifanane na wenzake. Akaliweka mapajani mwangu.

"Amelia sana," akasema. "Na miye nimelia. Lakini ndama ya pili haiko yetu, iko yako."

Nikampa viazi vya moto na chumvi. Tulikula tukiangalia moto, na habari ya maharagwe haikutajwa siku ile, wala siku nyingine yoyote.

Kulipokucha akafuatana nasi, ingawa hakuna aliyemwomba. Alisema anataka kuona ng'ombe wake amefika. Binti yangu aliingia ndani ya koti, likamfika kwenye vifundo vya miguu. Tukafunga vifungo vyote, tukapandisha kofia hadi kwenye nyusi, tukamfundisha njia nzima: tembea katikati ya wenzako, tazama chini, ukiitwa itika kwa sauti ndogo. Mwenzangu alimwelekeza kitanda kilipo, kona ya mwisho, na kwamba ubao mmoja unapiga kelele. Ukungu ulikuwa mzito, nami nikamshukuru Mungu kwa ukungu, mara ya kwanza maishani.

Masere alikuwa amesimama kwenye lango na mwavuli. Wasichana wakapita. Koti jekundu lilipofika mbele yake akaweka mkono juu yake, likasimama. Tulikuwa nyuma kidogo, chini ya mvua, mwenzangu amenishika mkono kwa nguvu mpaka ukaniuma. Masere akafuta miwani yake kwa ncha ya kitambaa cha kichwa chake. Kisha akashusha ile kofia.

Akamtazama binti yangu usoni, taratibu, tangu kipaji cha uso mpaka kidevu. Akainua macho akatutazama sisi, mama wawili na mabulangeti yetu, na matumbo yetu bapa, na watoto wetu wawili mgongoni. Nilimwona akihesabu misa zake zote.

Akapandisha kofia tena, akamfunga binti yangu kifungo cha shingoni, kile cha mti.

"Likizo imekurefusha," akamwambia. "Na ukirudi muhula ujao ukiwa mfupi, nitasema ni sufu imenywea kwa mvua. Ingia, utapata baridi."

Binti yangu akaingia. Hakugeuka nyuma, na sikumlaumu. Mimi mwenyewe nisingegeuka. Nililia palepale langoni kwa sauti, bila aibu, nikiwa nimevaa jaketi la mume wangu lililotoboka viwiko. Mwenzangu hakulia. Alikuwa anatazama mlango ambao binti yake angesubiri mpaka Septemba kuuona tena.

Tulishuka pamoja mvua ikituchapa, mama wawili waliovaa vibaya kuliko wote wa milima ile. Tulipofika kwenye mikaratusi tukasimama wote wawili kwa mazoea, na hakuna aliyekuwa na kitu cha kuvua. Mtoto wake alikuwa anatetemeka. Nikamfungua mgongoni mwake, nikamweka na wangu, wawili pamoja kifuani, ndani ya lile jaketi, na nikambebea mpaka mlangoni kwake.